Familia Moja, Mzigo Mmoja

Kila Agosti katika miaka ya tisini, sisi tuliosali Jumamosi tulikwenda makambi. Watu wengine wakisikia kambi hufikiria askari au wakimbizi. Kwetu makambi yalikuwa likizo: wiki nzima kwenye uwanja wa shule fulani, kila familia na hema lake, mahubiri asubuhi na jioni, na katikati watoto kukimbia ovyo mpaka waitwe kula. Mwaka ninaousimulia kambi ilikuwa Mbita, nasi tulitoka Migori kwa lori lililozoea kubeba miwa.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na ndiye aliyesimamia lori. Mwaka uliotangulia watu walikuwa wamepakia kama wanahama nchi. Kuna aliyekuja na kabati. Kuna aliyekuja na kochi, eti mgongo wake hauwezi benchi, na kochi likapata nafasi huku shemasi mmoja akiachwa barabarani na Biblia yake mkononi. Kwa hiyo mwaka huo baba alisimama mbele ya waumini akatangaza: familia moja, mzigo mmoja. Alitangaza kwa Kiswahili, akarudia kwa Dholuo, ili asiwepo wa kusingizia lugha.

Mama aliitikia kwa kichwa kama wenzake. Vita vilianza tulipofika nyumbani.

Lazima nieleze sanduku la mama. Lilikuwa la bati, la rangi ya kijani, na bila hilo sisi tusingekuwa na makambi. Ndani yake kila mtu alikuwa na kona yake. Nguo hazikukunjwa, ziliviringishwa: gauni, shimizi na soksi za siku moja pamoja, zikafungwa kwa utepe, Jumapili juu, Sabato chini kabisa. Katika hema la mama ungeweza kupapasa gizani ukapata soksi, tena zote mbili. Kwenye mahema ya jirani watu walivaa kilichotangulia kuonekana. Namkumbuka mwanakwaya mmoja aliyeimba wiki nzima na blauzi ya mama mkwe wake, jambo ambalo kwetu ni mwiko, si la kuchekwa, lakini tulicheka.

Sasa hema, magodoro, blanketi, unga na vyombo vilishakuwa mzigo mmoja, umefungwa kamba, mkubwa kama ndama. Sanduku lingekuwa mzigo wa pili.

"Sanduku ni mzigo," baba akasema.

"Sanduku ni mpangilio," mama akasema.

"Nikiruhusu la kwangu, yule mwenye kochi nitamwambia nini?"

Mama akanyamaza. Nilikuwa mtoto, lakini nilishajua kwamba mama akibishana kuna amani, na akinyamaza ujitafutie pa kujificha.

"Sawa, Mzee wa Kanisa," akasema mwishowe. Siku za kawaida alimwita Baba Watoto.

Asubuhi ya safari alituita tuvae. Akanivika gauni jeupe la Sabato. Nikamuuliza kwani leo ni Sabato. Hakunijibu, akanivika la Ijumaa juu yake, kisha la Alhamisi juu ya la Ijumaa. Nilipofika Jumanne mikono yangu ilikataa kushuka, ikabaki imetanda kama ya sanamu ya kufukuzia ndege shambani. Ndugu yangu mdogo, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, alivikwa kaptura juu ya kaptura mpaka akawa anatembea kama bata. Utaratibu ulikuwa uleule wa sanduku: Sabato ndani kabisa, Jumapili nje.

Kisha mama akamgeukia baba, suruali tatu mkono mmoja, makoti mawili mkono wa pili.

"Hakuna aliyetangaza kwamba nguo iliyovaliwa ni mzigo," akasema kwa upole mwingi. "Ama ulitangaza nikiwa nje?"

Sheria ilikuwa ya baba mwenyewe, angekimbilia wapi? Akavaa nyeusi ya Sabato, juu yake ya kahawia, na juu ya zote ile ya kaki, iliyogoma kufika kiunoni mpaka aliposhika pumzi. Kupanda lori alisukumwa na watu wawili, mmoja kila upande, naye akijitahidi kuonekana anatafakari maandiko.

Jua la siku hiyo sitalisahau. Nilitoka jasho kuanzia Sabato, likafika Jumatano. Lori liliposimama Rodi Kopany, ndugu yangu akatangaza kwamba anataka kukojoa. Mama akamshusha, akaanza kazi. Kila kaptura ilikuwa na vifungo, na mama hakuwa mtu wa kurarua nguo. Akafungua Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Walipofika Jumatano, haja haikungoja Alhamisi.

Muuza njugu aliyekuwa kando alikuwa ameacha kuuza, anatazama tu.

"Yawa! Mama, huyu mtoto unamvua ama unammenya?"

"Ni nguo zake za wiki," mama akamjibu.

"Na wewe zako ziko wapi?"

Mama akajifanya hakusikia. Mimi nilisikia. Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo: gauni moja, jepesi, na hata tone la jasho hakuna.

"Mama, kweli, zako ziko wapi?"

"Sufuriani."

"Na zetu mbona hukuweka?"

"Sufuria haikutosha."

Sufuria yenyewe ilikuwa ile iliyoazimwa na majirani wote wakati wa matanga. Ilipika ugali wa ukoo mzima. Nikamwona mama akiinua macho kwenye lori, alikosimama baba ameshika ubao kwa sababu kuketi hakuwezi, halafu akatabasamu kidogo. Nilimkasirikia sana. Lakini pia nilitaka kuona mwisho wake.

Tulifika Mbita tumechelewa. Watu walishaketi kwenye hema kubwa, mchungaji mgeni anatazama saa, na kilichosubiriwa ni ombi la ufunguzi, ambalo lilikuwa la baba. Akaomba nafasi kidogo ya kubadilisha nguo. Wakamwambia Bwana anatazama moyo, wakampeleka mbele vivyo hivyo.

Kwetu ombi la ufunguzi huombwa kwa magoti.

Baba alianza kuteremka polepole. Shemasi, yuleyule aliyeachwa na lori mwaka jana, alimfuata na kipaza sauti kilichounganishwa na betri ya gari. Walipokaribia chini, kipaza sauti kikatangaza kwa kambi nzima, na nadhani kwa kisiwa cha Rusinga pia: kraaa. Kaki ilikuwa imekwenda, na kahawia ya Jumatatu ikaonekana. Macho yote yalipaswa kuwa yamefungwa. Hakuna aliyefunga.

"Tunakushukuru kwa safari njema," baba akasema, akajaribu kufikisha magoti chini. Kraaa. Kahawia nayo. Iliyobaki ni nyeusi ya Sabato, na hiyo, kwa neema, haikupata hata mkwaruzo.

Nilimwonea baba huruma, na bado nilikuwa nimeuma mkono wa gauni nisicheke. Aliinamisha kichwa. Tulidhani analia. Mabega yakaanza kumtikisika, na kipaza sauti kikatuletea sauti ambayo sikuwahi kuisikia kanisani: baba anacheka. Akajikaza, akakohoa.

"Na mwaka ujao, Bwana, ukituweka hai," akamalizia, "kila familia ije na mizigo miwili."

Amina ya kwanza ilitoka upande wa akina mama, kabla hata baba hajaitamka yake. Niliijua ile sauti. Mwaka uliofuata sanduku la kijani lilikuwa la kwanza kupanda lori, na aliyelibeba kichwani, amevaa suruali moja, alikuwa Baba Watoto.