Betri ya Mke wa Fundi

Mteja akimletea pikipiki inayogoma asubuhi za baridi, fundi huyu huwa hana haraka. Humwambia aiache nje usiku kucha. Kabla jua halijatoka huja na mita yake, hugusisha nyaya zake mbili kwenye betri, kisha humtaka mwenyewe abonyeze stata. "Betri iliyopumzika inadanganya," husema. "Ipe mzigo ndipo utaijua." Mtaani wanamwita Mzee Mita, ingawa hajafika hamsini.

Ni pikipiki moja tu ambayo hakuipima hivyo, nayo ilikuwa ya mkewe.

Mkewe ni mpishi wa shule. Lazima moto wa jikoni uwake kabla watoto hawajaingia. Tangu baridi ianze, pikipiki yake ilikuwa haiwaki alfajiri, na kwa kuwa haina kiki ya kuwashia kwa mguu, stata ikikataa dawa ni kusukumwa. Msukumaji alikuwepo: mlinzi wa ghala, jirani wa mlango wa pili, ambaye saa hizo hurudi kutoka lindoni. Ni mrefu, ana koti linalofika magotini, na kifua kisichojua kuchoka.

Fundi aliyasikia hayo akiwa kitandani, kupitia dirishani.

"Shemeji, umekaa sawa?"

"Nimekaa. Usije ukanitupa mtaroni tu."

"Nikutupe, halafu nani atanisalimu asubuhi?"

Kikafuata kicheko cha mkewe, kicheko ambacho fundi alidhani hakitoki nje ya nyumba yake. Kisha injini ikanguruma.

Mchana wake mkewe alipita karakana akitoka kazini. Mabati yalikuwa yamepata moto wa jua, na hata spana zilikuwa vuguvugu. Fundi akapima betri: volti kumi na mbili na nusu. Akabonyeza stata. Ikawaka papo hapo.

"Nzima hii."

"Nzima mchana. Njoo uione alfajiri, baba."

"Kizima ni kizima, mama. Labda kidole chako ndicho kigonjwa."

"Au mume wangu ndiye mgonjwa wa kuamka."

Walicheka wote wawili, lakini fundi aliungua ndani. Kazi yake ni kufuata hitilafu waya kwa waya mpaka aikute. Betri nzima, stata nzima. Sasa kwa nini pikipiki hii itake mwanamume kila asubuhi? Akaufuata waya huo, ukamfikisha kwenye koti refu. Kuanzia hapo kila kitu kilikuwa ushahidi. Mlinzi akisema "shemeji", neno lilikawia mdomoni mwake kupita kiasi. Mkewe alijifunga skafu mpya. Na siku moja, kupitia dirisha lilelile, fundi alimwona akimpa mlinzi chai katika kikombe cha buluu. Kikombe hicho hunywea mwenye nyumba peke yake.

Alfajiri iliyofuata aliamka kabla ya mkewe, akavaa sweta ndani nje, akajibanza nyuma ya tangi la maji. Hakubeba mita. Hakuwa amekuja kupima betri.

Mkewe akatoka. Akabonyeza stata: tak-tak-tak. Taa ya mbele ikafifia ikawa kama kaa linalozimika. Akapuliza viganja vyake, akajaribu tena. Tak, kisha kimya. Akaiegemea pikipiki, akafunga macho. Skafu yenyewe, kumbe, ilikuwa kipande cha blanketi lao la zamani.

Mlinzi akatokea. "Leo tena? Mwambie mzee aitazame."

"Keshaitazama. Anasema nzima."

"Ah, mganga hajigangi!"

"Wewe sukuma," mkewe akamkata. "Mume wangu usimseme."

Fundi akatoka mafichoni.

"Mzee Mita!" mlinzi akashtuka. "Siku hizi unalala na tangi?"

Fundi aliingia ndani, akarudi na mita, akamwambia mkewe abonyeze. Namba iliporomoka hadi saba. Betri ilikuwa imechoka. Joto la mchana lilikuwa likiificha, na baridi, ambayo pia huifanya oili kuwa nzito, ikiiumbua. Mwanafunzi wake wa wiki ya kwanza angeligundua hilo.

"Mchana nitakuwekea mpya," alisema.

"Na sasa hivi?"

Mlinzi alikuwa ameshainama nyuma ya kiti.

"Toa mikono," fundi akasema. "Nasukuma mimi."

Alisukuma akiwa na ndara, mara ya kwanza, mara ya pili. Injini ilikohoa ikanyamaza. Pumzi zilimwishia penye nguzo ya taa, mkewe akiwa ameketi juu ya pikipiki, akitazama mbele kwa heshima.

"Njoo basi," hatimaye fundi akamwambia mlinzi, bila kumtazama.

Wakasukuma bega kwa bega. Ikawaka. Mwanamke akapunga mkono bila kugeuka.

"Kampungia nani?" mlinzi akauliza.

"Mumewe."

Kesho yake, kwa betri mpya, iliwaka kwa mguso mmoja. Mlinzi aliporudi alimkuta fundi peke yake mlangoni, kikombe cha buluu mkononi.

"Leo hakuna kazi, jirani."

"Na chai je?"

Fundi alifikiri kidogo. Akaingia ndani, akarudi na chai ya moto, imejaa hadi ukingoni, katika kikombe cheupe.