Bomba la Nyuma ya Nyumba

Kila mwaka kabla ya mvua, fundi wa majitaka hupita mtaani kwetu na chuma chake chenye ndoano, akifunua mashimo na kuvuta matambara. Mlangoni hubisha kwa kiwiko, kwa sababu mikono yake, anasema, si ya kugusa nyumba ya mtu. Kisha huzunguka nyuma na kugonga bomba la tangi. Maji ya paa sisi tunayakinga mpaka tangi lijae, lakini yanayomwagika tunayaelekeza kwenye shimo la majitaka, yasitutie matope uani. “Mama Ndunge,” huniambia polepole, kama mtu anayeomba chumvi, “hii maji peleka kwa ndengu zako shambani. Majitaka yakizidi yanafurika mtoni.” Nami hujibu, “Sawa fundi, wiki ijayo.” Mwaka huu ni wa nne.

Juzi, siku mbili baada ya mvua kubwa, nilikuwa navuka mto wetu wa mchanga, maji yakiwa yameshapita, kwenda sokoni nikamkuta amepiga magoti mchangani. Alikuwa anafukia kwa mikono kisima kilichochimbwa humo mtoni na susu mmoja, bibi mzee asiye na tangi wala paa la mabati. Mchanga ulinuka. Susu alisimama kando na mtungi mtupu. “Huu uchafu umetoka wapi?” akauliza. Fundi aliinua macho, akaniona, akayarudisha chini. “Ni mimi, susu. Nilichelewa kuzibua. Nisamehe.” Akaendelea kufukia. Na mimi, ambaye tangi langu lilikuwa limejaa pomoni, nikasema, “Poleni,” nikavuka.