Changarawe za Kumsikia Mama

Mara ya kwanza mama yangu kuingia ziwani, mimi nilikuwa ndani nashona sketi za shule. Sikujua kama ametoka. Nilichosikia ni bajaji ikisimama nje, kisha sauti ya mwanamke akipiga hodi. Nilipofungua geti nikamkuta mama amekaa kiti cha nyuma, kanga imelowa mpaka kiunoni, miguu mitupu, amekumbatia ndala zake kifuani kama mtu aliyebeba kuku. Mwanamke aliyemleta alikuwa mmoja wa wale wanaoanika dagaa kule ufukweni Ujiji.

"Tumemkuta majini," akaniambia. "Tulimwita, hakugeuka. Anasema anakwenda kugeuza dagaa wake."

Nilimshukuru, nikamshika mama mkono, na mkono ulikuwa wa baridi. Niliyaelewa maneno yale kuliko yule mwanamke alivyodhani. Mama alitulea kwa dagaa. Alikuwa na vichanja vyake vya kuanikia pale ufukweni, na mimi nimekua nikikimbiza kunguru wasiguse samaki. Lakini ziwa limepanda. Maji yamekula ule ufukwe wa zamani wote, yamekula na vibanda na mti tuliokuwa tukipumzika chini yake, na mahali vichanja vilipokuwa sasa pana maji ya kumfika mtu kifuani. Mama alikuwa hajapotea njia. Alikuwa anakwenda palepale alipokwenda miaka yote. Palepale ndipo palipokuwa pamezama.

Kutoka kwetu Buzebazeba hadi majini ni mteremko tu, miguu inakupeleka yenyewe. Tangu siku ile sikupata raha. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu naifanyia chumba cha mbele, na cherehani yangu ni ya zamani, ikianza kukimbia haisikiki sauti nyingine ndani ya nyumba. Nilikuwa nashona mshono mmoja, nasimamisha gurudumu kwa kiganja, nasikiliza. Nashona tena, nasimamisha. Wateja wakaanza kulalamika kwamba nguo zinachelewa. Usiku nilikuwa nafunga mlango na kuweka ufunguo ndani ya mto. Mchana ndio ulikuwa tatizo.

Mtu ataniuliza, kwa nini usifunge geti? Nilifunga. Asubuhi ile ile mama alilishika akalitikisa, akaanza kuwaita wapita njia. Mwanzo aliita kwa Kiswahili, kisha akahamia Kiha, lugha ambayo siku hizi inamjia kwanza. Aliwaambia kwamba kuna mwanamke asiyemjua amemteka na kumfungia. Watu wakasimama. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole kuna nini, na mama alikuwa akinitazama usoni na kuniuliza, "Uri nde?" Ananiuliza mimi ni nani, mimi mtoto wake wa mwisho. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa kung'ang'ania chuma. Nikafungua kufuli, na sikulifunga tena.

Wazo la changarawe lilinijia kwenye zahanati. Nilimpeleka mama kwa sababu ya presha, na uwanja wa pale wameumwagia vijiwe vidogo vya mviringo, saizi ya mbaazi. Nilisimama dirishani kuchukua dawa, mama nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sikugeuka kumtazama. Nilikuwa namsikia. Kila akiinua mguu, vijiwe vinalia. Alikwenda kushoto, nikajua. Akasimama, nikajua. Nikapokea dawa na maelezo yake yote bila kumuuliza nesi mara mbili.

Njiani kurudi nilikuwa nimeshaamua kuumwagia ua wetu vijiwe vile. Nilichokuwa sijui ni kiasi gani.

Nilimwita fundi ujenzi wa mtaani kwetu aje kuangalia. Alizunguka nyumba, akachimbua udongo kwa kisigino, akaniuliza nataka unene gani.

"Wengi wanaweka vidole viwili," alisema. "Ukitaka gari lipite, ongeza."

"Gari halipiti. Nataka mtu akipita asikike."

Akanitazama kidogo, kisha akamtazama mama aliyekuwa amekaa barazani, akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. "Basi usiweke nene sana, dada. Mguu wa mzee ukizama kwenye changarawe, anaanguka. Na nyonga ya mzee ikivunjika, ndiyo hivyo tena."

Hapo ndipo niliposhikwa na hofu ya pili, juu ya ile ya kwanza. Nikiweka nyembamba, vijiwe vitaingia kwenye udongo, na mama atapita kimya mpaka majini. Nikiweka nene, nitamwangusha kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikaa siku nzima nikiwaza sentimita. Nilijaza beseni vijiwe nilivyoviomba kwa jirani aliyekuwa anajenga, nikavisawazisha, nikakanyaga mimi, nikapima kwa futi yangu ya kushonea, nikapunguza, nikakanyaga tena. Kwenye sentimita tatu sauti ilikuwa hafifu. Kwenye nane kisigino kiliyumba. Nikachagua tano.

Kisha tukapima ua. Nasema tukapima kwa sababu mama alitaka kusaidia. Siku ile alikuwa ameamka vizuri, alinijua, alinywa chai yake na muhogo, akaja kuniuliza natafuta nini na lile dude la chuma. Ilikuwa futi ndefu ya yule fundi ujenzi.

"Napima uwanja, mama. Nataka kumwaga changarawe."

"Changarawe ni nzuri," alisema. "Dagaa hawashiki mchanga."

Nikampa ncha ya futi ashike, ukingoni mwa uzio wa mabati, nami nikaenda nayo mpaka upande wa pili. "Umeshika, mama?" "Nimeshika." Nikasoma mita sita. Urefu kutoka barazani hadi getini nilipima mwenyewe, mita tisa. Ujia wa ubavuni, unaotoka mlango wa jikoni na kupita pembeni ya nyumba, ulikuwa mita kumi na mbili kwa moja na nusu.

Hesabu niliifanya kwa chaki ya kushonea, sakafuni. Tisa mara sita, hamsini na nne. Kumi na mbili mara moja na nusu, kumi na nane. Jumla sabini na mbili. Sentimita tano nikazigeuza kuwa mita, sifuri nukta sifuri tano, nikazidisha, nikapata tatu nukta sita, mita za ujazo. Fundi alikuwa amenionya niongeze kidogo kwa ajili ya zile zitakazozama, nikafanya nne kamili. Tipa ndogo ya hapa mjini inabeba kama mbili, kwa hiyo ni safari mbili. Niliitazama ile hesabu pale sakafuni na moyo ukatulia.

Mzigo ulikuja, vijiwe vya mviringo vya rangi ya kijivu na kahawia, vimeoshwa. Nilimkataza dereva kuniletea kokoto za kupondwa, maana zile zina makali na mama hupenda kutembea pekupeku. Fundi akasambaza kwa toroli na reki, akianzia barazani na ujia wa ubavuni. Alipofika upande wa uzio, vikaisha. Ukabaki ukanda mtupu kando ya mabati, kutoka pembe ya nyumba hadi getini.

"Ulipima vipi upana?" fundi aliuliza. Akarudia kupima yeye mwenyewe. Ilikuwa saba na nusu. Nikasimama pale nikikumbuka ncha ya futi mkononi mwa mama. Alikuwa amesema ameshika, na kweli alikuwa ameshika, ila alikuwa amesogea kivulini. Na mimi sikumtazama, nilitazama namba.

Dereva aliahidi kurudi na mzigo mdogo wa kumalizia. Mvua ikanyesha, njia ya kule wanakochimba ikaharibika, akasema nisubiri. Nikajiambia ule ukanda si kitu. Ili aufikie, mama lazima akanyage vijiwe kwanza, nami nitamsikia. Na kweli nilikuwa namsikia. Zile siku za kwanza nilishona kwa kasi ambayo nilikuwa nimeisahau. Vijiwe vikilia nasimamisha mashine, nachungulia dirishani, namwona mama anakwenda kukaa kwenye jua, naendelea.

Sikuwa nimefikiria mvua ilichokuwa inafanya chini. Udongo wetu ni laini, na fundi hakuushindilia, wala hatukutandika kitu. Ubavuni mwa nyumba, ambako maji ya paa yanadondokea, vijiwe vilikuwa vinazama kidogo kidogo, na mwisho ujia ule ukawa tope lenye madoadoa ya mawe. Kutoka mlango wa jikoni hadi pembe ya nyumba, na kutoka hapo kwenye ukanda hadi getini, palikuwa na njia laini ya kupita. Mama aliiona kabla yangu. Miguu yake ndiyo iliyoiona, nadhani. Vijiwe vilikuwa vinamchoma.

Alasiri moja yenye mawingu nilisimamisha mashine kubadilisha uzi, na nikagundua kwamba nimekaa muda mrefu bila kusikia chochote. Kimya kile kilinishtua kuliko kelele. Nikaita, "Mama." Nikaingia chumbani kwake, kitanda kimetandikwa. Nikatoka kwa mlango wa jikoni, na pale kwenye tope nikaona nyayo, moja baada ya nyingine, zimeandamana vizuri kandokando ya mabati hadi getini. Geti lilikuwa wazi.

Sikumbuki kushuka ule mteremko. Nakumbuka futi ya kushonea ilikuwa bado shingoni na ilinipiga usoni. Nakumbuka nilimuuliza kijana wa bodaboda, akaonyesha ziwani kwa kidevu. Na nakumbuka nilivyofika nikaliona ziwa limetulia kama maji ya beseni, na katikati ya utulivu ule kichwa cha mama yangu, kitambaa cheupe, mbali kuliko nilivyotarajia. Maji yalikuwa yamemfika chini kidogo ya mabega. Kulikuwa na wanawake wawili ukingoni wanamwita, na mmoja alikuwa ameshakimbilia mtumbwi.

Mimi sijui kuogelea. Nimezaliwa hapa na sijui. Niliingia hivyo hivyo. Maji yalipofika kifuani nikahisi chini ya nyayo mti uliolala, nguzo ya kichanja labda, na nikawaza kwamba hatua inayofuata huenda haina chini. Nikasimama. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumsikia akihema.

"Mama, njoo huku."

Hakugeuka. "Vichanja viko hapo mbele tu," alisema. "Mvua inakuja, dagaa wataoza."

Nikajua nikimwambia vimezama, atakwenda kuvitafuta. "Vimehamishwa, mama," nikamwambia. "Vimepandishwa juu, nyumbani. Tumemwaga changarawe. Twende ukaone."

Akafikiri. Wimbi dogo likapita, likamgusa kidevu, akafumba macho. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kunitazama, kama mtu anayempokea mtoto njiani, nami nikaushika kwenye kifundo. Tulitoka hivyo, yeye akiniongoza mimi. Wale wanawake wakatufunika kanga kavu. Mmoja wao akaniambia taratibu, "Dada, huyu asiachwe." Nikasema ndiyo.

Baada ya hapo nilipima upya. Ncha ya futi niliifunga kwenye msumari, nikasoma, nikarudi kusoma, nikamwita na fundi asome. Tulifukua ujia wa ubavuni, tukashindilia udongo, tukatandika mifuko ya sandarusi iliyopasuliwa ili mawe yasimezwe, tukamwaga. Safari hii niliagiza zaidi ya hesabu, na ziada ikabaki imerundikwa nyuma ya choo. Ukanda wa mabati ulifunikwa mpaka kwenye chuma chenyewe. Niliuzunguka ua wote kwa kunyata, kila pembe, kama mwizi, nikitafuta mahali ambapo ningeweza kupita bila kusikika. Sikupapata. Usiku ule bado sikulala.

Mama ameanguka mara moja tangu hapo, kwa goti, akachubuka tu. Nilikaa naye chini kwenye vijiwe tukipuliza kidonda, na moyo wangu ulikuwa unadunda mpaka akaniuliza kama naumwa.

Changarawe hazikumzuia kwenda. Jua likishaanza kupungua makali bado anataka kwenda kugeuza dagaa wake. Nasikia vijiwe, nasimamisha mashine, natoka kumkuta getini. Siku akinijua hunisalimia kwa jina langu la utotoni. Siku asiponijua namwamkia shikamoo kama mgeni, naomba kufuatana naye, na hajawahi kunikatalia. Tunashuka pamoja, tunasimama pale mchanga unapoishia. Anatazama maji, anauliza ni nani aliyeyaleta mpaka hapa. Namwambia yamekuja yenyewe, mama. Nimemshika kifundo cha mkono muda wote, na wakati mwingine analalamika kwamba namuumiza.