Nusu ya Mama
Wachungaji watatu wameshaniambia nimsamehe yule dada. Wote niliwaitikia amina, nikarudi nyumbani sijasamehe. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mimi ni Mmbuti, mtu wa msitu wa Ituri, Kongo. Kwetu wanaume hutwanga gome la mti mpaka lilainike liwe nguo, na wanawake huichora. Mama alichora ameketi chini, nguo ameikunja juu ya paja, akiona kile kipande anachokichora tu. Rangi yake ilikuwa maji ya tunda bichi yaliyochanganywa na masizi, na brashi yake kijiti. Sheria ilikuwa moja, na niliwahi kuchapwa kwa ajili yake: mstari haufutwi wala haurekebishwi. Ukikosea unaishi nao.

Nguo kubwa huchorwa na wanawake wawili. Mama alichora nusu yake tukiwa kambini Uganda, akanikabidhi, akasema nusu iliyobaki ni yangu. Hakuumaliza mwaka ule. Nikafika Louisville, Marekani, na ile nguo ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na karatasi zetu za ukimbizi, na kwa muda mrefu sikuigusa.

Niliogopa. Mchana nilikuwa napanga maboksi kwenye ghala huko Jeffersontown, jioni nachora juu ya vipande vya maboksi hayohayo, na mistari yangu ilitoka imenyooka kama rafu za ghalani. Ya mama ilipinda, ikakatika, ikaanza tena mahali ambapo hukuitegemea. Nilijiambia siku nitakapotulia ndipo nitakapochora nusu yangu.

Yule dada tulikuwa tunasali naye. Ni mtu wa Kivu, mwimbaji, hodari wa kusema mbele za watu. Kule kambini alikuwa akiwakataza watoto wake kula kwetu, eti sisi ni watu wa porini. Louisville akaanza kuniita dada, nami nikaitika, maana upweke humfanya mtu mjinga. Alipokuwa anahamia Columbus, upande wa Westerville, alikuja kuniaga.

"Bon, dada, unipatie ile kitambaa kidogo tu," alisema. "Niionyeshe bazungu, bajue culture yetu. Nitairudisha."

"Haiko yangu ya kutoa. Ni ya mama."

"Donc utaiacha ioze mu mufuko?"

Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Nikampa.

Mimi nikahamia Buffalo, kwenye nyumba ya mbao huko West Side, nikapata kazi ya kufua mashuka ya hoteli. Nyuma ya nyumba ya jirani kuna mti wa jozi, wenye kokwa ngumu za kuliwa. Ganda lake la kijani ukilichemsha linatoa rangi nyeusi inayokaribia kabisa ile ya mama, na ikikushika mkononi sabuni haifui kitu. Msimamizi wangu alinilazimisha kuvaa glavu nisije nikamchafulia mashuka. Yale yaliyochanika alinipa, nikayafanya turubai za kuchorea. Pole pole mistari yangu ikaanza kupinda. Nikampigia yule dada simu nimwambie sasa niko tayari, arudishe nguo. Hakupokea. Nikapiga tena mwezi mzima.

Binti yangu ndiye aliyeiona kwenye simu yake. Alinionyesha: nguo ya mama imetundikwa ukutani kwenye ukumbi huko Columbus, na chini yake maandishi kwamba imechorwa na bibi yake yule dada, na kwamba yeye ndiye mrithi wa sanaa hiyo. Jumamosi inayofuata angeizungumzia mbele ya wageni.

Sikulia wala sikumwandikia. Akutendaye mtende. Nilijaza rangi ya jozi kwenye chupa ya jemu, nikaifunga ndani ya soksi pamoja na kijiti, nikapanda basi la Columbus.

Nilikaa mstari wa nyuma, pamoja na Wakongomani waliokuja kumsikiliza. Aliwaeleza wazungu kwamba ile nusu tupu ni ukimya wa wanawake waliokufa vitani. Mama mmoja mzungu alikuwa anajifuta machozi. Nikasimama, nikasema kwa Kiswahili ili wa nyuma wote wasikie.

"Dada, hii nusu haina ukimya. Haijachorwa tu. Kama ni ya bibi yako, njoo tuimalize. Wewe anza."

Alicheka. "Aa, dada, hapa si pahali ya mambo hayo."

Nikaishusha nguo ukutani. Wazungu walidhani ni sehemu ya ratiba, wakapiga makofi. Nikaketi sakafuni, nikaikunja juu ya paja, nikampa kijiti na chupa. Simu zote zilikuwa zinamrekodi, kwa hiyo hakuweza kukataa. Alichovya kama mtu anayekoroga chai, rangi ikamtiririkia vidoleni mpaka kwenye mkono wa gauni lake jeupe, na kijiti kikasimama hewani. Hakujua mstari wa kwanza unaanzia wapi. Nilimwacha asimame hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikamnyang'anya kijiti, nikachora nusu yangu yote pale pale, bila kuinua kichwa. Nilipomaliza nikaikunja nguo nikaondoka nayo, na hakuna aliyenizuia. Nilisikia baadaye kwamba alienda kanisani Jumapili tatu na vidole vyeusi. Habari hiyo ilinishibisha, siwezi kukudanganya.

Buffalo niliitandaza nguo kitandani, nikaiona nzima kwa mara ya kwanza. Nusu ya mama imetulia, inapinda na kusimama inapotaka. Yangu ni miiba mitupu, imejazana, na yote imelala upande mmoja, upande aliokuwa amesimama yule mwanamke.

Wachungaji wanadhani ninamshikia kinyongo kwa sababu ya wizi. Nguo ninayo, iko ukutani kwangu. Lakini nusu niliyomwekea mama miaka yote ile nilimchorea yule dada, kwa hasira, na kwetu mstari haufutwi.