Divai ya Mzee Leonsi

Niliondoka Dodoma kwa sababu Aneth aliogopa kwenda kwao Uchaggani peke yake. Tulikuwa wauguzi wa wodi moja, na yeye ndiye aliyempelekea baba yake, Mzee Leonsi, vipando vya mizabibu. Mzee akang'oa mibuni ili apate pa kuvipanda. Miaka ile wanunuzi binafsi walijaa mlimani na bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, lakini mibuni ile aliipanda babu yake Aneth, na babu huyo amezikwa katikati yake. Tangu hapo kaka yake Mzee Leonsi, Mzee Filbati, hakukanyaga tena uani kwa mdogo wake. Sasa Mzee Leonsi alikuwa anaumwa moyo, na alitaka wapatane kabla hajafa.

"Zabibu zangu ndizo zilizowagombanisha," Aneth aliniambia. Ningekataaje?

Siku nzima ilikwisha barabarani, kupitia Chalinze hadi Moshi. Aneth, ambaye wodini hafungi mdomo, hakusema neno tangu Korogwe. Tukalala kwa shangazi yake.

Asubuhi tulishukia Boma Ng'ombe, tukapata pikapu ya kupanda Sanya Juu, kisha tukatembea. Agosti huko ni baridi tupu. Nilitaka sana kuuona mlima, nikaambulia ukungu.

Tulipofika tukamkuta Mzee Leonsi kwenye kiti, vikapu vya zabibu vimemzunguka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, wanangu. Naweni mikono, zabibu hazingoji mtu."

Mgonjwa gani huyu, nikawaza, hata chai hajatukaribisha. Alipoinuka nikaona jinsi miguu yake ilivyovimba, nikanawa mikono.

Mchana kutwa tulitoa vikonyo, tukaponda zabibu kwa mikono ndani ya pipa la mbege, pombe ya ndizi. Maganda hayatupwi, maana wekundu wote hutoka humo. Siku zinazofuata hupanda juu, na mama yake Aneth huyasukuma chini kwa mwiko asubuhi na jioni. Baadaye huchuja na kukamua, akatia kwenye dumu lenye mrija wa mpira ambao ncha yake ya nje imetumbukizwa majini, ili hewa itoke isiingie. Hapo divai hungoja miezi.

"Mwaka wa kwanza niliipika," akasema Mzee Leonsi. "Mbege bila kupika ndizi ni mbege gani? Nikadhani na hii ni vivyo hivyo."

"Tukapata jamu," akasema mkewe. "Tuliila mpaka Krismasi."

Aneth akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuanze safari.

Kesho yake mama alikata jani la isale, mmea wa mipakani, akalifunga fundo, akampa Aneth ampelekee baba yake mkubwa. Uchaggani, anayeletewa jani hilo haruhusiwi kukataa kusamehe. Lakini mtu anaweza kusamehe akabaki kwake. Aneth alirudi mikono mitupu.

"Amelipokea. Hakusema kitu."

Jioni Mzee Filbati alikuja, amevaa koti lake la kanisani. Mzee Leonsi akachota divai ya mwaka uliopita kwa kata, akaonja yeye kwanza, kama inavyompasa mwenye kinywaji, kisha akampa kaka yake.

Mzee Filbati akaipokea, asinywe. Akatoka nayo nje. Tukamfuata polepole hadi kaburini kwa baba yao, kati ya mizabibu, naye akamimina kidogo juu ya udongo. Nilimsikia Mzee Leonsi akihema, nami nikamwomba Mungu Mzee Filbati aseme neno, lolote.

"Baba hajakataa," akasema. Ndipo akanywa, akakunja uso. "Kali hii. Mwakani nitakuja kuponda mwenyewe."

"Mwakani, kaka," akajibu Mzee Leonsi. Aneth aliitazama miguu ya baba yake, akageuka pembeni.

Safari ya kurudi tulizungumza njia nzima. Nilikuwa nimekwenda nikidhani kaka mtu alikasirikia zabibu. Kumbe mibuni ilipong'olewa hakuna aliyemuuliza baba yao kaburini, na kaka mtu alikuwa akingoja mzee huyo aulizwe.

Mzee Leonsi alifariki kabla dumu letu halijafunguliwa. Aneth alikwenda kuzika, akaniletea chupa moja ya divai ile. Nikamuuliza ni nani aliyelifungua dumu.

"Baba mkubwa," akasema. "Alisimama mlangoni kwetu, mbele ya waombolezaji wote, akachota kwa kata, akaonja yeye kwanza."