Kambere Yupi Aliyegusa Mashine?

Wewe ungejibu nini, mwenye bunduki akikuuliza nani ameharibu mashine, na jibu umeliandika kwa mkono wako mwenyewe?

Saa tatu asubuhi, Machi 2003. Agar Muyisa amesimama kando ya kompyuta pekee ya depo ya dawa mjini Butembo. Kitambaa alichokifuma mwenyewe, cheupe chenye pindo la kijani, bado kimeifunika nusu.

Agar ana miaka 52 na wajukuu sita. Kompyuta yake imeunganishwa na redio, na kwa njia hiyo hupokea maombi ya dawa ya vituo vya afya kumi na vinne, mpaka Alimbongo na Kirumba. Tangu Jumatatu redio iko kimya. Vituo vitatu vilikuwa vimebakiza kwinini ya siku mbili tu.

Wanajeshi wanaoushikilia mji wanaamini kuna mtu aliyeizima makusudi. Wamemkamata mlinzi wa depo, mzee Kambere Éliakim. Ameketi kwenye sementi, mikono imefungwa kwa kamba ya kiatu chake.

Ushahidi ni daftari la Agar. Kompyuta hii ikiwekewa au ikiondolewa programu, haiandiki popote. Uwezo inao, ila mpaka uiamrishe. Ndiyo maana Agar huandika yeye. Jumatatu aliandika: "Kambere. Programu mpya imeingia, ya zamani imetoka."

"Kambere njo huyu," komanda wao anasema, akimwonyesha mzee.

"Komanda, ba-Kambere ni bengi. Ni jina ya kijana wa pili, kila nyumba iko naye mumoja," Agar anajibu.

"Mama, hapana kunichekesha. Kambere gani?"

Agar anamtazama mzee. Aliyemwandika ni fundi Kambere Gamaliel wa Beni, aliyetuma sahani ya programu, yaani CD, kupitia mfanyabiashara. Agar aliandika jina lake kama mtu anavyoandika jina la mwenye mzigo juu ya gunia. Lakini fundi hakugusa kitu. Akimtaja, watamfuata Beni.

"Mumufungule muzee," Agar anasema. "Ni miye niliingiza ile sahani, ikatosha programu ya redio inje. Sikujua. Huyu hajue hata kuwasha."

"Koko, bibi mzima, kumbe weye njo muasi!" askari mmoja anacheka. Komanda hacheki, anaonyesha redio.

"Mpaka saa sita iseme. Kama hapana, munaenda wote wawili."

Agar anafungua daftari. Jina la programu iliyotoka lipo, herufi kwa herufi. Anatafuta sahani ya zamani, anairudisha programu ile. Saa tano na robo, Alimbongo inaita. Mzee Éliakim anafunguliwa, anabaki akisugua vifundo vya mikono.

Alhamisi fundi anafika kwa pikipiki, mavumbi mpaka kwenye nyusi. Agar anamwambia kuna jambo amelibeba miaka miwili, akiogopa fundi atadhani anachunguzwa.

"Kompyuta iandike yenyewe," anasema. "Bila kuombwa."

"Lakini Mama Agar, itajaa bure! Njo maana benye kuitengeneza baliacha kila mutu ajichaguliye."

"Ijae. Iandike jina, saa, na kile kilitoka. Na uanze na langu."