Sauti Iliyokatwa Katikati

Wifi yangu hushona sare za shule mpaka Alasiri. Akishaswali, hufunika cherehani kwa shuka, na sebule yetu ikageuka darasa la dini la wasichana. Mimi ndiye ninayejikwaa kwenye viatu vyao mlangoni, na nimelalamika mpaka nimechoka.

Siku hizi wanakuja na hadithi za Mtume walizookota kwenye simu. Wifi hana maneno mengi: "Nani kakwambia? Na yeye kaambiwa na nani?" Amewafundisha kwamba wanazuoni walimpima kila msimulizi, na aliye dhaifu walimtaja, hata akiwa baba yao mzazi.

Siku moja aliwapa mfano. "Eti Mtume kasema, asiyeisambaza dua hii kwa watu kumi, swala zake hazikubaliwi." Kisha akawaambia: "Huo ni uongo mtupu."

Sauti yake, iliyorekodiwa kwa simu, ikazagaa mtaani, "eti" imekatwa mwanzoni, "uongo" umekatwa mwishoni. Basi moto ukawaka! Wazazi wakawazuia mabinti zao. Imamu akaagiza kwamba wifi asipojieleza kufikia Ijumaa, darasa lifungwe. Mlangoni vikabaki viatu vya wasichana wachache, nami, mlalamikaji mkubwa, nikavikumbuka vile vingine.

Wifi hakujitetea. Aliwatuma waliobaki waifuate sauti ile nyumba kwa nyumba, wajue nani kampelekea nani. Alhamisi wakarudi, macho chini.

"Mwenye duka la dawa kaipata kwa jirani yenu," mmoja akasema. "Jirani kaipata kwa Bibi, Ustadha."

Bibi ni mama mkwe wangu. Alikuwa nyuma ya pazia, kama kila siku, akimsikiliza mwanawe.

"Nilikurekodi, simu ikajaa," akasema kutoka hukohuko. "Nikabakiza pale sauti yako ilipokuwa tamu. Nilitaka tu watu wamsikie mwanangu."

Nilimwonea huruma. Nikamkonyeza wifi asingizie ubovu wa simu. Hakuniangalia.

"Ustadha," yule binti akauliza polepole, "msimulizi huyu tumwelezeje?"

Wifi alishika ukingo wa cherehani. "Ni mkweli. Hana nia mbaya. Lakini akinukuu, msichukue kwake."

Pazia likafunguka. Mama mkwe alitoka macho yamemlowa, nikajua leo nyumba itawaka. Akaketi chini katikati ya wasichana, akamnyooshea mwanawe simu.

"Rudia hayo, mwanangu, niwapelekee wenzangu wote," akasema. "Safari hii sikati."